Kamba Nyekundu ya Mama Muindi

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida Ndunge alikunywa chai akiwa amesimama, kama siku zote. Alikuwa ameshavaa jaketi la kuelea juu ya sweta. Baridi ya Karen ya mwezi wa saba ilikuwa bado imekaa kwenye nyasi. Nikamwambia maji leo ni barafu. Akasema, "Kwani nitayakunywa?"

Tukashuka pamoja mpaka bwawani. Akaketi ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, akawasha mota. Mota hiyo haina kelele, inalia kama friji. Nikashika kamba nyekundu iliyotoka kwenye jaketi lake nikavuta. Vidole vilikuwa na baridi, kamba ikaniteleza. Akaniambia neno. Nikavuta tena, mota ikazima. Akaiwasha, akaenda zake.

Hiyo kamba ina habari yake.

Ndunge mke wangu alizaliwa Machakos, upande ambao maji yanafuatwa kwa punda. Tulikuja huku Karen kwa Bwana Mbuthia, mimi nikalinda geti, yeye akawekwa kuangalia samaki. Shamba lina bwawa, na bwawa lina tilapia. Bwana Mbuthia alinunua kayaki ya kuvulia, na mota ya betri nyuma. Akaitumia kidogo, mgongo ukamkatalia. Siku moja akaja akasema, "Mama Muindi, hii kitu itaozea hapa. Lisha samaki nayo. Na ukivua, chukua ya jioni."

Mimi nilikataa. Kuogelea hajui, na mimi sijui. Nikimwona akienda katikati, nitafanya nini mimi huku kando?

"Wewe unangoja wezi usiku mzima," akaniambia, "halafu mimi niogope maji imelala?"

Muindi, mtoto wetu wa kwanza, anakaa Kinoo na kazi yake ni nyaya za stima. Alikuja Jumapili akamwonyesha mama yake kila kitu. Betri ikae ndani ya boksi lake katikati, ifungwe, isitembee. Kasia lisiachwe nyumbani hata siku moja. Na ufunguo wa mota, ambao ni sumaku tu yenye kamba nyekundu, akamwambia, "Mum, hii kamba unafunga kwako."

Sasa, kwa Ndunge, kufunga kwako ni kwenye ncha ya leso. Ufunguo wa nyumba ulikaa hapo. Sarafu za sadaka zilikaa hapo. Akafunga na kamba ya mota hapo hapo, fundo la nguvu, akaona ameihifadhi isipotee. Mimi pia niliona hivyo.

Akaenda vizuri miezi mingi. Alipenda ile kitu. Akirudi, kwanza alitoa waya wa betri, ndipo aguse feni ya mota, ile inayosukuma maji. Alifungua nati, akachungulia nyuma ya feni kama mshipi wa ndoano umejizungusha, maana mshipi ukikaa pale unakata mpira na maji yanaingia ndani. Akaosha na maji safi. Sabuni hapana. Vichwa vya betri akavipaka Vaseline, ile ile ya kupaka miguu. Kuchaji ilikuwa ni barazani. Msimu wa baridi nilimwambia tuiingize ndani karibu na jiko, mvua isiipate. Akanitazama. "Hii ikichaji inapumua gesi, Baba Muindi. Unataka tuamkie mbinguni?"

Na fyuzi ilipokatika, jirani mmoja akamwambia aweke kipande cha waya tu, maisha yaendelee. Alikataa. Alisema fyuzi haikatiki bure. Akatafuta mpaka akaona waya umechubuka chini ya kiti.

Basi ikafika siku ya jua kali, Februari. Alikuwa katikati ya bwawa. Akasikia joto, akavua leso, akaiweka nyuma ya kiti. Halafu akainama kuokota boya la wavu. Nilikuwa kando nachuma parachichi kwa fimbo ndefu. Nilimwona akiinama, halafu sikumwona. Niliona kayaki tu, inaenda peke yake.

Jaketi likamtoa juu. Lakini kayaki haikusimama. Usukani ulikuwa umepinda, ikazunguka, ikaanza kumrudia, na feni inakata maji chini. Niliingia mpaka kiunoni. Nikapiga kelele, "Ndunge! Kunja miguu! Kunja!" Akakunja. Ikampita karibu hivi, kama urefu wa mkono. Ikaanza kuzunguka tena.

Ndipo leso ikateleza ikaangukia maji. Ikaburutwa, ikalowa, ikawa nzito, ikavuta kamba. Sumaku ikatoka. Mota ikanyamaza.

Nikamnyoshea ile fimbo ya kuchumia parachichi, akaishika, nikamvuta. Mtu ameponea kufa, na kitu anasema ni, "Leso yangu! Shika leso yangu!"

Jioni Muindi alikuja mbio. Alipoona fundo kwenye leso alikaa chini. "Mum, kamba si ya kuchunga ufunguo. Ni ya kuchunga wewe. Wewe ukianguka, inakuja na wewe, mota inazima."

"Si ungesema hivyo," Ndunge akamwambia.

Mimi nilisema neno moja: kesho hakuna. Hakubishana. Alipika, tukala, nikaenda getini. Asubuhi nikamkuta mlangoni, jaketi limevaliwa, kamba nyekundu imefungwa kwenye pete ya jaketi kifuani.

"Twende uvute," akasema. "Nikiwasha, wewe unavuta. Ikizima, naenda. Ikikataa kuzima, nashuka, na sitakuuliza kitu."

Nilitaka ikatae. Nilivuta kidogo tu. Ikazima.

Tangu hiyo siku, kila akienda, nilivuta. Hata mvua ikinyesha. Hata tukiwa tumenuniana, alikaa pale ndani ya kayaki, mdomo umefungwa, akaninyoshea kifua nivute. Na kila alipoenda, alirudi.

Asubuhi ile ya mwisho pia alirudi, na tilapia wawili. Jumapili, baada ya kanisa, alisema kichwa kinauma. Hospitalini walisema ni mshipa wa kichwani. Hakuiona jioni. Watu waliokuja matangani waliuliza kama ni maji. Nikawaambia hapana. Maji hayakumpata.

Bwana Mbuthia aliniuliza kama aiuze kayaki. Nikamwomba ikae. Samaki nawalisha nikiwa kando. Betri ikiachwa bila chaji inakufa, kwa hivyo naichaji, barazani. Vichwa nimevipaka Vaseline yake, bado ipo kidogo. Jaketi limening'inia mlangoni na kamba yake.

Ile asubuhi ya mwisho, kamba iliponiteleza, mota ikiendelea kulia, aliniangalia akacheka, akaninyoshea kifua, akasema, "Vuta tena, Baba Muindi. Vuta kama mtu anataka bibi yake arudi."