Alhaji Ukingoni mwa Nishani

Katika duka la Lakhbir, kwenye mtaa wa masonara wa Birmingham, hakuna nishani ya kivita iliyotiwa kabatini kabla Bi Asmahan hajaigeuzageuza mkononi. Alikuwa mwalimu wa historia huko Unguja kabla mumewe, Abdulnasir, hajamleta Sparkbrook. Sasa ni mjane wa mwaka wa sita, na bado alizungumza kama mtu anayesahihisha madaftari. Kazi yake dukani ilikuwa kutazama jina lililo ukingoni mwa nishani na kusema kama ndilo lililopigwa chapa na Waingereza tangu mwanzo, au lilifutwa likaandikwa jingine. Wako wanaofanya hivyo. Nishani ya mtu asiyejulikana haina mshindo, ila ikiwa na jina la shujaa hugombaniwa. Basi mjanja huchukua tupa, akalila jina la mwenyewe, akachonga analolitaka.

Ijumaa moja, baada ya watu kutoka msikitini, aliingia shemeji yake Hafidh, mdogo wa Abdulnasir, kanzu ikichungulia chini ya koti zito. Aliweka kijaluba, kisanduku kidogo cha buluu, mezani, kwa mikono miwili.

"Shemeji, amana hiyo. Mtazame mkweo."

Habari ya kijaluba hicho Bi Asmahan aliijua tangu Ramadhani. Hafidh alisema ameikuta katika sanduku la marehemu mama yake nishani ya ushujaa, ambayo baba yao, Mzee Makungu, alipewa alipokwenda kupigana Burma na jeshi la Mfalme. Abdulnasir hakuwahi kuitaja maishani mwake, lakini Bi Asmahan aliamini, kwa kuwa ilimpendeza kuamini. Aliitaja darsani, akaitaja kwenye harusi za watu, na mara moja aliitaja ndani ya basi la Stratford Road kwa mwanamke ambaye hakumuuliza. Sasa, kesho ya Ijumaa hiyo, ingewekwa ndani ya kioo katika ukumbi wa jumuiya, kwenye maonyesho ya Waafrika waliopigana vita ile. Kamati haikupokea kitu bila neno la mkaguzi, na karani wake, Mwalimu Chepkoech, alikuwa njiani kuja kuichukua.

"Umefanya vizuri kuja mapema," alisema Bi Asmahan, akivaa miwani. "Mwalimu Chepkoech hana subira."

"Aje tu. Wapo kwenye kamati wanaonong'ona kwamba baba yetu alikuwa mpishi. Kesho wataumbuka."

"Na jeshi lisipokula, litapigana kwa hewa?"

Hafidh alicheka kidogo, kisha akawa anamtazama vidole.

Fedha ilikuwa fedha ya kweli. Kichwa cha mfalme kilikuwa sawa, na utepe wa buluu wenye mistari myeupe na myekundu ulikuwa sawa pia. Bi Asmahan aliigeuza nishani kwa ukingo, akaisogeza kwenye taa. Akasoma. Akarudia kusoma, kidole kikifuata herufi.

Pale ukingoni palichongwa, kwa herufi safi: Alhaji Makungu Vuai.

Mzee Makungu alikwenda Makka akiwa na mvi. Bi Asmahan alijua, kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa bi harusi mbichi nyumbani kwao, ndiye aliyemkunjia ihramu na kumtilia kwenye mkoba. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, na Waingereza walikwishafunga virago wakaondoka. Karani gani wa jeshi aliyekuwa Burma angemwita kijana wa Kiunguja Alhaji?

Alichukua kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, akaibana nishani kutoka juu hadi chini, kisha akaibana penye jina. Penye jina ilikuwa imepungua. Akashika kioo cha kukuzia. Herufi hazikupigwa kwa chapa kama za jeshi. Zilichongwa kwa mkono, na ndani ya mikwaruzo yake fedha iling'aa kama ya jana, haina hata chembe ya uchafu. Chini ya herufi ya mwisho palisalia kivuli cha jina jingine, mkia wa herufi mbili ambao tupa haikuufikia. Mtu fulani aliwahi kuwa na nishani hii, na kwao huenda walimlilia.

"Mama," aliita Lakhbir kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake alikuwa hajakiosha tangu atoke huko. "Hiyo ya mzee iko namna gani? Nilete cheti wewe weke sahihi?"

"Bado, Lakhbir. Naitazama."

Kisha akamgeukia Hafidh, akashusha sauti. "Mzee alihiji lini?"

"Lini? Zamani."

"Kabla ya Burma?"

Hafidh alijishughulisha na kola ya koti lake. Nje, tramu ilipita, vioo vikatetemeka.

"Hafidh, nakuuliza."

"Sasa shemeji ulitaka nifanye nini?" Sauti ilimtoka kwa kunong'ona kwa ukali. "Nimwambie fundi amwandike baba yangu jina tupu, kama mtoto wa skuli?"

Kumbe palikuwa na fundi. Hafidh mwenyewe alilisikia neno lake, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Uliitoa wapi?"

"Kwa mtu, mtandaoni. Mama alisema Mzee alikuwa na nishani. Ilipotea. Nimeirudisha tu."

"Mama alisema nishani, au alisema ushujaa? Nishani ya kwenda vitani walipewa wote."

Hafidh akainama karibu na meza. "Lakhbir haoni kitu, wewe ndiye macho yake. Ukisema safi, ni safi. Nani atakwenda na kalipa ukumbini? Unataka watoto wetu waonekane wajukuu wa mwongo? Na wewe je? Wewe umeitangaza kuliko mimi."

Hilo lilimchoma mahali pake. Ni kweli aliitangaza. Akafikiria nyuso za darsani, na jina la Abdulnasir ambalo tangu afe hakuruhusu liguswe na inzi. Kalamu ilikuwa kando ya mkono wake. Sahihi moja tu, na nyumba nzima ingelala salama.

Kengele ya mlango ikalia. Mwalimu Chepkoech aliingia, mwavuli ukidondosha maji, na Lakhbir akatoka nyuma na cheti mkononi.

"Bi Asmahan, hamjambo? Hafidh, naona umetangulia. Tumempa mzee wenu kioo cha katikati kabisa. Iko tayari?"

Hafidh alisimama. Macho yake yalikuwa yakimwomba.

"Nishani ni ya kweli," alisema Bi Asmahan, polepole, kama anayesoma darasani. "Jina si la kweli. La mwenyewe limefutwa kwa tupa, likachongwa la mkwe wangu. Hamwezi kuiweka."

Lakhbir alichukua kioo, akatazama, akakishusha. Chepkoech alikuwa bado ameshika mwavuli.

"Nani alichonga?" akauliza Chepkoech.

Bi Asmahan alisikia pumzi za Hafidh.

"Sisi," akasema. "Familia yetu."

"Sisi nani, Bi Asmahan? Mabango yamechapishwa. Nitaulizwa."

"Ukiulizwa, sema ni sisi. Mkubwa wa nyumba hiyo leo ni mimi."

Chepkoech alimtazama Hafidh, akamrudia Bi Asmahan, akaliacha swali la nani. "Na mzee mwenyewe? Burma alikwenda, au hata hilo..."

"Alikwenda. Alikuwa mpishi wa jeshi." Abdulnasir ndiye aliyemwambia, naye alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya mtu wa nje; lilimtoka kavu. "Picha yake ya vita tunayo. Mkiitaka, nitaileta. Msipoitaka, sitalaumu."

"Watu watasema, mama," alisema Lakhbir.

"Watasema."

Chepkoech alifikiri. "Lete picha. Nitaibadilisha ile kadi ya maelezo usiku huu." Akaaga kwa heshima, ila kwa haraka, kama anayetoka kwenye msiba usio wake.

Bi Asmahan alichukua karatasi ndogo, akaandika: jina la awali limefutwa, jina lililopo limechongwa baadaye. Akaifunga kwenye utepe, akamrudishia Hafidh kijaluba. Alikipokea kwa mkono mmoja.

"Umetumaliza, shemeji."

"Kesho nitasimama pale mlangoni wakifungua. Atakayeuliza nitamjibu mimi mwenyewe, si kwa kunong'onezwa jikoni. Wewe fanya utakavyo."

Hafidh alifunga vifungo vya koti, kimoja akakikosea tundu. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akaufungua mlango nusu, baridi ikaingia dukani.

"Wanafungua saa ngapi?" aliuliza, bila kugeuka.