Nafasi Kando ya Baba

Kata-kata-kata! Mpaka leo nausikia ule mnyororo ukikivuta kitreni cha michezo kupanda mlima wa chuma. Tulikuwa tumetoka Songea kwenda harusini Dar es Salaam, na kesho yake baba akatupeleka kwenye bustani ya michezo.

Aliyekitamani kile kitreni kuliko sote ni bibi, mama yake mama. Njia nzima alikuwa akinitania, "Mimi nitakaa mbele, mjukuu wangu. Wewe utalia huko nyuma." Zamu yetu ilipofika alivua kandambili getini, kama anaingia sebuleni kwa watu. Tulicheka, jamani!

Tukakimbilia viti, mimi na mama, wadogo zangu wawili nyuma yetu. Vyuma vya kifuani vikafungwa. Ikabaki nafasi moja tu, kando ya baba. Bibi akasita. Kwetu mama mkwe hawezi kubanana bega kwa bega na mkwe wake wa kiume.

"Karibu, mama," baba alisema, macho chini.

"Nendeni tu, wanangu. Nitawashikia mikoba."

Kabla hatujawaza kubadilishana viti, kitreni kikaondoka. Kutoka juu nilimwona akitupungia kandambili, anacheka. Laiti tungepangana mapema! Bibi alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, hajakipanda kile kitreni.

Mwaka huu nimefika tena pale, peke yangu. Nilivua viatu getini, nikaenda kukaa mbele kabisa.