Pete ya Kikuba na Hofu ya Halbadiri

Siku yangu ya kwanza kwa sonara sikupewa nyundo. Fundi Mkuu, aliyekuwa na karakana Likoni, mwendo mfupi kutoka kivukoni, alinipa ufagio wa chelewa na kuniambia, "Fagia polepole, na vumbi usilimwage. Vumbi la sonara ni mali ya watu."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Yeye hakucheka. Aliinua ukingo wa mkeka, akanionyesha chembe zilizokuwa ziking'aa katikati ya ukili. Vumbi lote lilikusanywa mtungini, na mtungi ulipojaa lilioshwa na kuchomwa mpaka dhahabu ikatoka. Nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile nilisimama njiani nikakung'uta nyayo zangu, kisha nikaogopa kwamba nimekung'uta haki ya mtu mchangani. Nilikuwa kijana wa kuoa, nimekwisha kuhitimu Kurani na kusoma fikihi kidogo, na nilijua hukumu ya amana. Sikuwa nimepata kuihisi miguuni.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Meli za kijivu zilijaa bandarini, Port Reitz ilijaa askari, na dhahabu mpya ilikuwa adimu. Watu waliotaka pete walileta bangili na vipuli vya mabibi zao, nasi tukaviyeyusha katika kalibu, yaani kikombe kidogo cha udongo kinachostahimili moto. Kwa hiyo kila pete tuliyoifua ilikuwa na mtu ndani yake. Mteja alikaa mlangoni akitazama bangili ya marehemu ikigeuka maji, na wengine walilia.

Fundi Mkuu alinifundisha dhahabu kwanza, kisha fedha, na mwisho kabisa mawe ya rangi. Alinifunza kuligusisha jiwe mdomoni: kioo hupata joto upesi, kito cha kweli hukaa baridi. Alinifunza kuishika pete katika lakiri, ile nta ngumu ya kupigia muhuri, isichezecheze wakati wa kutia kito, na kuvikunja vikucha vya dhahabu juu ya jiwe pole pole, upande huu kidogo na upande wa pili kidogo.

"Yakuti ni askari," alisema. "Hata ukimsukuma hasemi kitu. Lakini zumaridi, mwanangu, ni mwari. Ana nyufa zake za kuzaliwa. Ukimkaba upande mmoja, amekufa mikononi mwako."

Nilipoanza kuaminika alinipeleka Changamwe kwa nduguye, ambaye sote tulimwita Msimamizi. Huko wateja wetu walikuwa vijana wa reli na wa bandari, wengi wao Wakristo waliotoka vijiji vya bara, nyuma ya pwani, nao walitaka pete za uchumba za fedha zenye kijiwe chekundu. Mawe yale yalikuwa vioo, na Msimamizi alimwambia hivyo kila mmoja kabla hajanunua. Siku moja nilimuuliza kwa nini ajiharibie biashara.

"Kioo ukikiuza kwa jina la kioo, umekula halali," akanijibu. "Ukikiuza kwa jina la yakuti, umejinunulia moto. Tena moto wenyewe hauanzi Akhera. Sonara akisemwa mara moja tu kwamba amebadilisha jiwe, na afunge mlango akauze mbata za nazi."

Nilirudi Likoni vita vikiwa vimekwisha, nikiwa fundi kamili, na Fundi Mkuu akaanza kuniachia karakana peke yangu. Hapo ndipo alipokuja Hamadi.

Hamadi alikuwa mwana wa watu wa mashamba wa Likoni, wa zamani sana, na alikuwa amekubaliwa posa. Alituamkia, akaketi, akatandaza majani ya rehani na vifungo vya waridi juu ya jamvi letu.

"Fundi, pete zenu zote zafanana," alisema. "Mchumba wangu ana shangazi watano, na wote wana pete za namna moja. Mimi nataka yangu iwe kama kikuba."

Kikuba ni kile kishada kidogo cha rehani, asumini na waridi ambacho wanawake wetu hukibandika nguoni ili wanukie.

"Wataka kumvisha bustani kidoleni?" Fundi Mkuu akamtania. "Na nyuki je, tumfulie?"

"Nyuki ni mimi mwenyewe, Fundi."

Tulicheka sana. Lakini alikuwa na nia. Tulichora kwa mkaa juu ya ubao, tukafuta, tukachora tena. Mwishowe tuliafikiana: jiwe la kijani katikati liwe jani la rehani, yakuti ndogo nyekundu kando yake ziwe vifungo vya waridi, na vichwa vya asumini tuvifue kwa dhahabu tupu. Yakuti tulikuwa nazo. Zumaridi aliileta mama yake, Bi Rukia, imefungwa katika kitambaa cheupe. Ilikuwa ya nyanya yake Hamadi, ambaye nyumbani wakimwita Bi Mkubwa, naye alirithi kwa mama yake. Sijapata kuona kijani kama kile. Kilikuwa kama kuchungulia kisima chenye majani.

"Hii ndiyo roho ya mama yangu," Bi Rukia alisema. "Naiacha kwenu kwa amana ya Mungu."

Niliifua pete mimi, na Fundi Mkuu akitazama. Jiwe lilipokaa salama alishusha pumzi, akaenda zake ng'ambo ya kivuko kununua mkaa. Ilibaki kazi ya kuosha. Desturi ya masonara wetu ni kuichemsha pete iliyokwisha katika maji ya ukwaju, moshi na lakiri vitoke na dhahabu ing'ae, kisha kuisugua kwa povu la sabuni. Tulifanya hivyo kwa kila pete, ya jiwe na isiyo na jiwe, wala sikupata kuambiwa vingine.

Nilipoitoa sufuriani dhahabu ilikuwa ikicheka. Jiwe lilikuwa limekufa. Kijani kilikuwa kimepauka kama jani lililolala juani, na ndani yake palikuwa na utando mweupe wa nyufa ambao sikuwa nimeuona. Niliifuta. Nikaifuta tena. Nikakaa sakafuni.

Fundi Mkuu aliporudi nilimpa pete. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akaigusisha mdomoni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Saidi, nani aliingia hapa nilipokuwa sipo?"

"Hakuingia mtu, Fundi."

"Hapana mtu kabisa?"

"Wallahi, hapana mtu."

Aliirudisha pete katika kitambaa chake cheupe, akaenda kuiweka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulielewa swali. Kama hakuingia mtu, basi nilikuwa peke yangu na jiwe.

Bi Rukia alipokuja kuichukua aliitazama mara moja tu akapiga ukelele. "Hili si jiwe letu! Mmetubadilishia!" Fundi Mkuu alimwomba atulie. Nilimweleza kwamba sikufanya ila kuiosha. Hakusikia. Mwishowe alijifunika buibui lake vizuri, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko ule ukelele:

"Fundi, wewe tumekujua miaka. Wewe hatukushuku. Twamshuku huyu wako. Mtoe kwetu, aseme jiwe alikolipeleka, nasi na wewe tutabaki jamaa. Ukimficha, Ijumaa baada ya Alasiri tutasoma Halbadiri."

Vijana wa leo huenda hamjui uzito wa neno hilo. Halbadiri ni kisomo cha kuwataja watu waliopigana Badri na kumwomba Mungu kwa baraka zao amfichue mwizi. Watu waliamini kwamba kikisomwa, mwizi huvimba tumbo au huingiwa na wazimu, na wengine husema hakiachi hata kizazi chake. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba Mungu hamdhulumu mja wake, na kwamba asiye na kosa hana la kuogopa. Elimu hiyo ilikuwa kichwani, na hofu ilikuwa tumboni. Kila nilipoamka nilijishika tumbo kutazama kama limeanza kujaa. Chakula kilinishinda. Mama yangu aliyasikia sokoni, akaja akaketi karibu yangu, akaniuliza huku akitazama chini, "Mwanangu, umelichukua?"

Nikamwambia, "Sikulichukua, mama." Akaitikia, "Alhamdulillahi." Lakini alikuwa ameuliza.

Karakanani Fundi Mkuu hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alinipa kazi za fedha. Vito vyote alivitia kwenye kijaluba akakichomeka kibindoni mwake. Alikuwa hajatoa jibu kwa Bi Rukia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Niliogopa kisomo, lakini niliogopa zaidi jibu lake. Akinitoa, hapana sonara Likoni, Changamwe wala Kisauni ambaye angenipa hata ufagio. Tukisali bega kwa bega nilikuwa nikisikia pumzi zake, nikijiuliza ananiombea au ananiapiza.

Ijumaa ilifika. Tulikwenda nyumbani kwao Hamadi. Sebuleni palitandikwa mikeka, chetezo kilikuwa kikifuka udi, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa upande mmoja. Mimi niliwekwa peke yangu upande wa pili, kama maiti anayesubiri kusaliwa. Hamadi hakuniangalia usoni. Posa yake nayo ilikuwa ikining'inia. Upande wa mchumba walikuwa wamekwisha kusikia kwamba pete ina nuksi.

Maalim aliyeitwa kusoma hakuwa na haraka. "Kisomo hiki ni moto," alisema. "Ukishauwasha, huuchagulii nyumba. Nawauliza mara ya mwisho, mwataka?"

"Twataka," Bi Rukia akajibu kutoka mlango wa ndani. "Fundi, wamtoa au humtoi?"

Fundi Mkuu aliinuka kutoka kwa wazee. Goti lilimlia. Alivuka mikeka akaja akaketi karibu yangu, bega lake begani mwangu.

"Simjui aliye mwizi," alisema. "Lakini pete ilitoka karakanani mwangu. Someni, na mimi nimo."

Maalim alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani yake. "Basi tusome kwa haki. Kila aliyelishika jiwe hili tangu litoke mahali pake awepo hapa, na mwenye jiwe awe wa kwanza. Mwenyewe ni nani?"

"Ni mama yangu," akasema Bi Rukia. "Lakini yeye hajaambiwa. Tumemficha, Maalim, tukichelea moyo wake."

"Siwezi kusoma juu ya mali ya mtu asiyejua kwamba imepotea. Mwiteni."

Bi Mkubwa akaletwa ameshikwa mikono miwili, kikongwe mwembamba, kajitanda kanga. Wakamweleza. Hakulia. "Nipeni," alisema. Aliitazama pete, akalikwaruza jiwe kwa ukucha, kisha akatugeukia sisi wawili.

"Nyinyi mmeikosha na nini?"

"Na maji ya ukwaju, Bi Mkubwa," nilimjibu. "Ya moto. Na sabuni."

"Na sabuni juu yake! Na wewe, Rukia, ulipolitoa kwenye kichupa ulilifanyaje?"

"Nililipangusa, mama. Lilikuwa limejaa mafuta. Ningempelekeaje mtu jiwe linalochuruzika?"

"Mama yangu aliniusia jiwe hili lisitoke kwenye mafuta ya uto. Alisema lina kiu. Hebu nileteeni mafuta, hata ya nywele."

Akaletewa. Akachovya kidole, akalisugua jiwe kwa utaratibu, kama mtu ampakaye mtoto mchanga. Tulisogea wote, wazee na Maalim pia. Ule utando mweupe ukaanza kuzama. Kijani kilirudi kwanza pembeni, kisha kikapanda. Hakikurudi chote siku ile. Pete ililala katika mafuta hadi siku ya kuvishwa mchumba. Lakini kila mtu pale alilitambua jiwe la Bi Mkubwa.

Nyufa za kuzaliwa zilikuwa zimekunywa mafuta kwa umri wa wanawake wawili, na ukwaju wangu wa moto uliyatoa yote. Maalim alizima chetezo. Bi Rukia alijifunika uso, na baadaye alinitumia sinia ya vyakula. Mchumba alivaa kikuba chake.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza Fundi Mkuu, "Ulikuwa ukijua kwamba si mimi?"

"Sikujua," akasema. "Siku za kwanza nilidhani ni wewe."

"Basi kwa nini ulikuja ukaketi nami?"

Alitembea hatua kadhaa. "Niliona umekaa peke yako," akasema.

Baadaye nilipata karakana yangu Kisauni, nikawa Fundi Mkuu kwa wengine. Kila aliyeniletea jiwe la kijani nilimuuliza limelala wapi na ndani ya nini kabla sijaligusa, wala ukwaju haukukaribia zumaridi tena. Sasa nimeacha kazi. Macho hayaoni vikucha, na namshukuru Mola aliyeniachia ulimi wa kusimulia. Wajukuu huniuliza nilijifunza nini kwa sonara, nao hutaraji niwaambie habari za dhahabu.

Katika miaka yangu ya Kisauni vitu vilipotea, kama vipoteavyo katika kila karakana, na kila mara palikuwa na fundi mmoja aliyeachwa akae peke yake. Nilikwenda nikaketi karibu naye kwanza, ndipo nikauliza. Sikuwa jasiri, kila mara nilijishika tumbo kama siku zile. Na mara moja, yule niliyeketi karibu naye alikuwa mwizi kweli. Nilimsikia akikiri, bega lake likiwa begani mwangu. Sikuinuka.