Shuka Jeupe Juu ya Kiwanda cha Ngozi

Sisi tuliokulia Riruta kando ya kiwanda cha ngozi tulijulikana kwa harufu kabla ya majina. Kanisani watu walisogea kando kidogo baba alipoketi, hata kama ameoga mara mbili. Mama alianika nguo ndani, dirisha la upande wa mto, kilikokuwa kiwanda, likiwa limefungwa, na kila alipotoka kwa dadake mtaa wa Woodley alirudi akisifia kamba za nguo za huko, zilizofungwa nje, mpaka tukachoka.

Kiwanda kilipofungwa tulidhani kitabomolewa. Wapi! Aliyekinunua aliacha kuta za mawe zisimame, akaweka maduka chini na nyumba za kupanga juu. Ukingo wa mto ukasafishwa, ukapandwa miti. Hata mimi mbishi wa kila kitu nilikubali. Lilikuwa jengo la kupendeza, na mpaka leo sijabadili neno.

Baba ndiye aliyepagawa. Alitaka nyumba ya orofa ya kwanza, palepale alipokuwa akikwangua ngozi, na chini yake duka ambamo mama angeshona kwa cherehani yake. Mama akakataa katakata.

"Miaka yote nimefunga dirisha, halafu unipeleke nikalale ndani ya hiyo harufu? Thubutu!"

Baba akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe mama akatoa sharti. Alifua shuka jeupe, akalianika kwenye roshani ya ile nyumba tupu, akasema litakaa hapo hadi jioni. Likinuka, maneno yameisha.

Mungu wangu, siku hiyo! Baba hakula. Alizunguka chini amevaa koti lake la zamani la kiwandani, macho juu kwenye shuka, na mafundi wa rangi walipojua kisa wakaanza kumtania: "Mzee, upepo umegeuka!" Nilimhurumia sana. Alikuwa ameacha ujana wake kwenye zile kuta, na sasa mkewe alikuwa anakuja kuzinusa.

Jioni mama alipanda ngazi bila haraka, baba nyuma yake. Akalianua shuka, akazamisha uso, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Halina harufu," akasema.

Baba akaanza kucheka. Mama akamsogelea, akanusa bega lake.

"Mimi nitahamia. Hili koti halihamii."

Baba alilivua papo hapo. Mama akaingia ndani, akafungua dirisha la upande wa mto, akaliacha wazi.