Mama Alipokubali Moto Usio Wake

Mimi nina mdomo, sikatai. Ndugu zangu husema nikishika jambo sibanduki. Basi ghala la mpunga la jirani yake mama lilipoungua kule Idsowe, mimi ndiye niliyelishika jambo lile.

Liliungua mchana, upepo ukivuma, watu wako mashambani. Jirani huyo sisi tulizoea kumwita mama mdogo. Yeye na mama wamekaa ua kwa ua tangu kabla sijazaliwa. Mavuno yote yakaenda. Nilipofika jioni kutoka Garsen, watu wamejaa uani, na macho yao yanaelekea kwenye mafiga ya mama, kwa kuwa yeye hupikia nje, upande unakotoka upepo. Nikaona haya, jamani! Nikataka kulimaliza jambo lile kabla watu hawajalianza.

“Mama, uliacha moto?”

“Sikuwasha leo. Nilikula kiporo, nikaenda shamba.”

“Mama, siku hizi unasahau.”

Kweli alikuwa akisahau. Miwani, chumvi, majina ya wajukuu. Nikamuuliza tena baada ya kula, nikamuuliza asubuhi. Kaka yangu naye akamuuliza. Hatukumfokea, la. Tulimbembeleza: mama, hakuna atakayekukasirikia, sema tu yaishe. Siku ya pili akasema labda. Siku ya tatu akaanza kutusimulia alivyoinjika chai, akafukia makaa kwa haraka, akasikia upepo. Hata sufuria aliyotumia akaitaja. Siku ya nne alisimama mbele ya wazee wa kijiji, leso kaikaza kifuani, akasema, “Ni mimi. Nisameheni.” Nami nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Tangu hapo hakuwasha moto tena. Mwanamke ambaye hakuwahi kungojea chakula cha mtu, sasa akawa anakaa mlangoni kungoja sahani ya wali kutoka kwa mke wa kaka. Tukakubaliana nimhamishie kwangu Garsen, nyumba yake ifungwe. Hakubisha. Alianza kukunja mikeka yake mwenyewe.

Asubuhi ya kumchukua nilikwenda kwa mama mdogo kuomba moto wa chai.

“Fukua humo,” akaniambia. “Nilifukia jana.”

Nikaingiza vidole jivuni kama tulivyofunzwa utotoni. Lo! Kaa likaniunguza. Kaa la tangu jana.

Nikabaki nimechuchumaa, kidole mdomoni. Jioni ile ya moto, nilipotaka kuwapikia chai watu waliokuja kumpa pole mama mdogo, nilifukua mafiga ya mama hivi hivi. Nilizamisha mkono mzima. Jivu lilikuwa kavu, baridi kabisa, nikaenda kuomba moto nyumba ya tatu. Kama mama angekuwa ameacha kaa mchana ule, jioni ningelikuta. Nilikuwa nimeushika ukweli kwa mkono wangu huu, kisha nikarudi uani kuendelea kumuuliza mama kama aliacha moto. Ghala lile liliunguzwa na nini, mpaka leo hatujui.

Nikamweleza mama mdogo huku nalia.

“Mimi sikumlaumu hata siku moja,” akasema. “Ni ninyi wanawe mliokuja kuniomba radhi.”

Nikarudi mbio. Mama alikuwa ameketi juu ya mikeka yake iliyofungwa kamba, viatu miguuni, tayari kwa safari. Nikapiga magoti.

“Mama, si wewe! Jivu lako lilikuwa baridi, mimi mwenyewe nililishika. Kwa nini ulikubali?”

“Nilikwambia siku ile ya kwanza,” akasema polepole. “Ukaniambia nasahau. Nikafikiri, mwanangu hawezi kunisingizia mimi mama yake. Basi nitakuwa nimesahau kweli.”

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kuanzia. Alinishika mkono, akakitazama kile kidole kilichoungua, akakipuliza kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo.

Kisha akavua viatu, akaniambia nifungue mikeka, halafu niende nikamletee moto.