Wifi Yangu, Muuaji wa Miche

Nianze kwa kusema ukweli ili tusisumbuane: wifi yangu simpendi. Sikumpenda siku alipoingia nyumbani kwetu, na hata leo nikisikia viatu vyake vya mpira vinakwaruza uani, hasira inanipanda. Lakini kuna watu mtaani wanamsema bila kumjua, na hilo nalo silitaki. Kama ni kumsema, haki hiyo ninayo mimi niliyekaa naye.

Kazi yake ni kuua miche. Ofisi ya misitu ndiyo iliyomwajiri, wala hakuna anayemficha. Zamani milima iliyo juu ya mji wetu ilifunikwa na mti mmoja tunaouita mti wa milango, maana hapa hakuna mlango wa maana uliotengenezwa kwa mbao nyingine. Kisha ukaja ugonjwa. Ukungu, yaani kuvu, unaingia kwenye ganda, ganda linapasuka, kidonda kinauzunguka mti mpaka maji hayapandi tena, na mti unakauka kuanzia kileleni. Nilikuwa bado msichana msitu ulipogeuka kijivu. Ukipanda huko leo utakuta visiki, tena visiki vikaidi, vinachipua kila mvua, na machipukizi yakifika urefu wa mtu yanashikwa tena.

Mti mkubwa uliobaki ulikuwa mmoja tu, nyuma ya nyumba ya mama yetu. Marehemu baba alikuwa seremala. Aliukuta mdogo alipokuwa anajenga, akakataa kuukata, akasema huo ni wa kutazama tu. Mama amefunga kamba yake ya nguo kwenye mti huo tangu alipoolewa.

Mti huo ndio uliotuletea wifi. Alikuja na gunia kuokota mbegu, akamkuta kaka yangu, fundi bomba, amechuchumaa anazibua mfereji wa uani. Mwaka haukuisha, wakaoana. Mama huwaambia wageni, "Huyu alikuja kwa mbegu, akaona abebe na mwanangu." Wageni hucheka. Mama hacheki.

Vita vilianza mezani. Tulikuwa tunakunywa chai, wifi akasema bila hata kuzunguka, "Mama, mti wako una nguvu au una bahati? Hatujui. Niruhusu niutoboe kidogo, niuwekee ugonjwa, tuone utafanya nini."

Mama aliweka kikombe chini. "Uguse mti wa mume wangu, siku hiyo hiyo utoke na vyombo vyako."

Kaka akakumbuka ghafla kuna bomba linavuja mahali, akatoka na mfuko wake wa spana. Ndivyo alivyo. Pakichemka tu nyumbani, mji mzima unavuja.

Aliponyimwa mti, wifi akawageukia watoto wa mti huo. Kitalu cha ofisi kilikuwa kimegeuzwa maegesho ya magari ya wakubwa, kwa hiyo miche yote iliyotokana na mbegu za mti wetu akaihamishia uani. Cherehani yangu iko baraza ya nyuma, na mimi ni fundi nguo wa kutwa, kwa hiyo niliona kila kitu, nipende nisipende. Mche ukifikia unene wa kidole gumba, anauinamia. Anafuta kibomba chake chenye makali kwa spiriti, anatoboa ganda, anaingiza kipande cha ukungu aliouotesha mwenyewe kwenye kisahani, anafunga utepe kama anafunga jeraha. Kumbe ndiyo kwanza analitia hilo jeraha! Halafu anasubiri. Mingi ilikufa. Anaing'oa, anaitupa kwenye pipa, anaichoma, tena huku anapiga mluzi. Ule mluzi ndio ulionichefua. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu, "Utaona." Hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu, na kwa mama pia.

Mtaani wakampa jina la Tauni. Mwenye duka akakataa kumuuzia spiriti, akidai imekwisha, na chupa zimejipanga nyuma ya kichwa chake. Muuza mkaa alikuwa kila akimwona, anavukia upande wa pili wa barabara. Yeye? Hakujali hata kidogo. Aliwapita wamekaa, hasalimii, kidevu juu. Kiburi cha nini, sijui.

Mwishowe uani kukawa na makundi mawili. Upande wa bafu ilikuwepo michache iliyopinda, imevimba shinani, ina makovu meusi kama mikono ya mpishi. Ukutani, miche mirefu, imenyooka, majani yanang'aa, haina hata alama. Mtu yeyote mwenye macho angesema ipi ni mizuri.

Kisha mti wenyewe ukaugua. Mama alikuwa anaanika shuka, akaona majani ya juu yamekuwa ya njano, na mvua zilikuwa hazijakatika. Wifi akavua viatu, akapanda mwenyewe mpaka kwenye panda. Aliposhuka alikuwa na vumbi la rangi ya chungwa viganjani.

"Ni ugonjwa wenyewe," akasema. "Kidonda kimeanzia juu kabisa. Umeletwa na upepo wa milimani. Mimi sijawahi kupanda huko."

Mama akaweka kiganja kwenye shina. Na hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Wifi akaongeza, "Nilikuuliza, mama. Kumbe ilikuwa bahati tu."

Jamani! Kuna mtu anamwambia mjane maneno hayo, amesimama chini ya mti wa mumewe? Nilitamani nimrushie mkasi.

Kesho yake wifi alikuwa ofisini, nami nilikwenda kupeleka sare za wanafunzi. Niliporudi nikakuta moshi. Mama alikuwa kando ya pipa, panga mkononi, khanga kaikaza kiunoni, jasho linamtiririka. Upande wa bafu palikuwa peupe. Kila mche wenye kovu alikuwa ameung'oa na kuutia moto.

Wifi aliingia kabla moshi haujatulia. Mama akamgeukia, wala hakuficha raha yake.

"Nimekusafishia," akasema. "Wagonjwa wote nimewatoa. Nimekuachia watoto wazima."

Wifi alitazama pipa. Akatazama miche ya ukutani, ile mizuri. Nikamwona anatafuta kitu cha kushika, akashika kamba ya nguo.

"Hao si wazima, mama," akasema. "Hao hawajaugua bado. Zamu yao haijafika."

"Sasa wale wa makovu?"

"Wale niliwapa ugonjwa, wakakataa kufa." Sauti ikampanda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimeua wenzao miaka yote hii nikiwatafuta hao! Hao ndio wangerudi msituni! Si ungeniuliza!"

"Uliwahi kuniambia?" Mama naye akapaza sauti. "Mimi kwako ni nani? Ni kisiki? Unaingia, unatoka, 'utaona, utaona'! Haya, nimeona!"

Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Wifi aliingia ndani, akafunga begi, akaenda kwa dada yake. Kaka alimfuata mpaka barabarani akisema "tuzungumze, tuzungumze," akarudi peke yake, akakaa kwenye ngazi. Siku hiyo hapakuvuja bomba lolote.

Tukabaki na mama na mti. Mti ulikuwa unapukutisha majani kutoka kileleni kuja chini. Msimu wa maua ukaja, haukutoa hata moja, kwa hiyo mbegu nyingine hazingekuwepo tena. Kilichobaki cha mti ule duniani ni ile miche ya ukutani. Mama akawa anaimwagilia mwenyewe. Mmoja, uliokuwa mzuri kuliko yote, akauhamishia kwenye debe, akauweka nje ya mlango wa mbele, ule mlango aliouchonga baba. Akitoka anaugusa majani. Akiingia anaugusa majani. Mimi nilijitia sioni.

Asubuhi moja alikuja barazani, akasimama karibu na cherehani mpaka nikaacha kushona.

"Hawa watoto," akasema, "wakipelekwa milimani hivi hivi walivyo?"

"Watakufa, mama."

"Wote?"

"Akitokea wa kukataa kufa, nani atamjua huko porini? Watu watamkata kuni pamoja na wenzake."

Akachuna uzi kwenye nguo ya mteja wangu mpaka nikamtoa mkono. Kisha akasema, "Nenda kamwambie yule mwanamke aje amalizie uuaji wake."

Nilikwenda. Nikaupeleka ujumbe kama ulivyo, sikuutia sukari. Wifi alikuwa anaosha vyombo vya dada yake.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Neno kwa neno."

Akakausha mikono. "Basi nakuja."

Alikuja na kibomba chake na spiriti na visahani vyake. Hakusalimia. Mama naye hakumkaribisha. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mche wa kwanza, akaushika shina kwa mikono miwili usiyumbe. Wifi akamtazama kidogo, kisha akainama, akatoboa. Wakaenda hivyo mche baada ya mche, mmoja anashika, mwenzake anatoboa. Neno pekee lililotoka lilikuwa la mama: "Eleza." Na wifi, ambaye hajawahi kunieleza mimi chochote, alieleza. Hapa kidonda kitaanza. Kikizunguka shina, ndiyo basi. Ganda likivimba pembeni na kukifunika, huyo anapigana.

Walipomaliza ukuta mzima, wifi alifuta kibomba, lakini hakukirudisha mfukoni.

"Bado mmoja, mama," akasema.

"Huyo mwache."

"Siwezi."

Nikajiandaa kwa vita. Nilifikiri mama atalifuata panga. Alikaa pale kwenye kigoda, mikono mapajani, anautazama mti wa baba uliokuwa umebakiwa na majani kwenye tawi moja tu la chini. Kisha akainuka, akapita ndani ya nyumba, akarudi amelikumbatia lile debe, akaliweka chini taratibu mbele ya miguu ya wifi.

"Ukimuua huyu," akasema, "sitakusamehe mpaka nazikwa."

"Najua, mama," wifi akamjibu. "Mshike hapo, juu kidogo."

Mama akamshika.