Skrini Aliyoichagua Dada

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, dada yangu alipangusa skrini kwa pindo la kitenge chake. Alikuwa akisafisha picha za harusi studioni kwa mjomba, na skrini ile ilikuwa imechoka. Haikuonyesha rangi za kweli, kwa hiyo nyuso zilitoka kijivu, na lawama zote zilimwangukia yeye.

"Basi kachague mpya, mwanangu," mjomba akamwambia. "Mwenye jicho ni wewe."

Tukazunguka maduka. Dada alibeba picha ya mama yetu kwenye flashi, akawa anaifungua katika kila skrini. Wauzaji wakamsifia gemu, wakamsifia filamu.

"Filamu baadaye, kaka. Kwanza nimwone mama."

Kwenye moja alimwona sawasawa, mpaka weusi wa kovu shavuni. Dada akacheka peke yake.

Siku skrini ilipoletwa, mjomba aliupita nayo mlango wa studio, akaipeleka sebuleni kwake ili mwanawe achezee gemu za mpira.

"Ile ya zamani bado inasukuma siku," alisema.

Dada akaendelea na kazi. Halafu akaja bibi harusi mmoja na albamu yake.

"Huyu ni mimi au maiti?"

Mjomba akamnyooshea dada kidole. "Utusamehe, bibie. Mpwa wangu huyu hana jicho la rangi. Namvumilia tu kwa sababu ya undugu."

Dada alimtazama.

"Usinivumilie tena, mjomba."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi, hata mjomba alipomtuma mkewe kuja kumbembeleza.